Kwa Nini Nilikikataa Kizimba cha Olea

Nyumba ya Juu,
Kisiwa cha Lundvær,
Norwei.
23 Machi, 1999.

Mpendwa mpwa wangu Ragna,

Pokea salamu za mjomba wako, zilizojaa upendo na shukrani kwa Mungu aliyetuvusha majira haya ya giza. Natumaini waraka huu utakukuta salama, wewe na mumeo Eystein, na kwamba kifua cha mtoto Amund kimetulia baada ya baridi ya huko Kanada. Mimi sijambo. Goti la kushoto hunisumbua nishukapo ngazi, lakini kupanda halina neno, nami sijui limejifunzia wapi ubaguzi huo. Kaburi la marehemu mke wangu Alfhild nimeliondolea theluji, na msalaba umesimama wima.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Nilitaka kwanza jambo lenyewe lifike mwisho, ili nisikuandikie maneno ya kubahatisha.

Uliniandikia kwamba umesoma gazetini kuwa watu wa Lundvær tunamwua nyangumi Olea kwa mapenzi yetu. Ukanisihi, kwa kuwa mimi ni mzee wa nyumba ya sala na watu hunisikiliza, niunge mkono wavu uzungushwe katika ghuba yetu, naye atiwe kizimbani apate utulivu. Barua yako ilikuwa na adabu, nami najua ilitoka moyoni. Kwa heshima zote, mwanangu, nimefanya kinyume, na ninakuomba unisikilize kabla ya kunikasirikia.

Olea ni wa wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, wawindao kwa makundi. Tangu utotoni alifungwa katika bwawa la maonyesho ng'ambo, akifundishwa kuruka ili watu wapige makofi. Wenye bwawa walipomchoka walimwachilia baharini, naye akaja kwetu kwa hiari yake. Alisimama penye gati akafungua kinywa kama mtoto angojaye uji. Meno yalikuwa yamesagika kwa kutafuna milango ya chuma ya bwawani. Ungefanya nini, Ragna? Tulimpa samaki.

Sikatai kwamba madhara yalifuata. Watu wa mbali walikuja na mashua za injini, wakampanda mgongoni, wakamlisha hata soseji. Akaacha kuwinda. Hapo gazeti lako lilisema kweli tupu.

Ndipo jirani yangu Tordis Brekkan, mtunza bata-bahari ambaye utamkumbuka kwa sauti yake, alipotuambia tumtunze Olea kama tutunzavyo bata. Wewe ulikulia hapa. Wajua namna bata wale wanavyolala chini ya ngazi zetu bila kuwa mali ya mtu. Kila mwaka kuanzia Aprili, majira yao ya kutaga, hakuna kupiga nyundo, hakuna mgeni, na kila mtu huvaa nguo zile zile ili wasishtuke. Basi tukapiga marufuku injini ndani ya ghuba, tukaacha kumlisha, na zamu ya kumwangalia tukaifanya kwa mtumbwi wa makasia, kila mwenye zamu akivaa koti moja la mvua, la njano, tulilopokezana nyumba kwa nyumba. Olea alianza kuwinda tena. Tulijipongeza mno.

Kumbe koti lile lilikuwa kosa letu. Mwezi wa Novemba mvuvi wa kisiwa cha pili alipita nje ya ghuba, injini ikinguruma, naye amevaa koti la njano. Olea akamkimbilia kama rafiki. Rafadha ya mashua ikamchana nyuma ya kichwa. Mvuvi yule alilia mbele yetu sote, na hatukuwa na la kumlaumu. Tordis akasema:

"Bata hukimbia nguo ngeni. Huyu anafuata nguo anayoijua. Tumemtunza kama bata, kumbe ni mtu wa mjini."

Koti lile tulilichoma. Jeraha lilipona, lakini habari zilifika mji mkuu, na kutoka huko akaja Dakta Gaute Nesheim, mtaalamu wa wanyama wa baharini, na wavu wake juu ya feri. Ni kijana mpole, wala sitaki umdhanie vibaya. Alitukutanisha katika chumba cha chini cha nyumba ya sala, akanywa kahawa yetu, akatueleza kwamba nyangumi aliyezoea watu hatawazoea tena wenzake.

"Mzee Peder," akaniambia, "urafiki wenu ndio ugonjwa wake."

Nilimwomba samahani kwanza, kisha nikasema kwamba kwa mawazo yangu ugonjwa ulianza bwawani, na kwamba kumponya kiumbe kwa kumrudisha kifungoni ni dawa nisiyoielewa. Tordis akadakia kuwa, kama urafiki unaua, basi marehemu mumewe alikuwa salama kabisa. Hata Dakta alicheka.

Tukapatana hivi. Samaki wa heringi waingiapo, makundi ya nyangumi huwafuata. Yatakapofika, hakuna hata mmoja wetu atakayeingia majini wala kusimama gatini. Olea akienda na wenzake, wavu utarudi ulikotoka. Akibaki kutusubiri, au akirudi kuombaomba, kizimba kitajengwa, nasi hatutapinga.

Heringi waliingia mwanzoni mwa mwezi huu. Wavuvi waliziacha mashua zimefungwa, na wewe wajua hilo lina maana gani katika nyumba zenye watoto. Kundi likapita mbele ya mlango wa ghuba. Olea hakulifuata. Alikuja moja kwa moja gatini, akaita, akanyamaza, akaita tena. Mimi na Dakta tulikuwa jikoni kwangu, nyuma ya pazia. Nakiri miguu yangu ilitaka kutoka. Dakta aliniwekea mkono begani, nadhani kwa ajili yake mwenyewe pia. Hatimaye Olea akageuka, pezi lake likaelekea nje, akaenda upande wa kundi.

Alikaa huko zaidi ya juma zima, kisha akarudi. Tordis alikuwa wa kwanza kumwona, akanigongea dirisha. Niliposhuka, Dakta alikuwa tayari gatini, uso umeanguka, kwa maana alidhani Olea amerudi kuomba, na hilo lilimaanisha kizimba. Akataka kuwa na hakika kwamba amekuja kuomba. Akachukua heringi mbichi, akamnyoshea.

Olea hakumgusa yule samaki. Alikuwa amenenepa, na ubavuni alikuwa na mistari ya meno, myembamba, iliyo sawasawa, ile ambayo nyangumi huchorana wachezapo wao kwa wao. Alijilaza ubavu kando ya gati, akamtazama Dakta kwa jicho moja. Basi yule kijana akaweka samaki chini, akapiga magoti juu ya mbao zilizolowa, akamwekea kiganja ubavuni. Hakuna aliyemwamuru.

"Dakta," Tordis akamwambia, "sasa na wewe umemwambukiza?"

"Hakuja kuomba, mama," akajibu bila kuuondoa mkono. "Amekuja kusalimia."

Wavu ulipakiwa kwenye feri Jumatatu. Nilisaidia kuufunga kamba, kwa kadiri goti lilivyoruhusu. Injini bado ni marufuku, na kumlisha ni marufuku zaidi. Ila mkono, akija mwenyewe kuutaka, hatumnyimi. Niko radhi kusimama mbele ya mtu yeyote msomi na kusema kwamba haukumdhuru. Kilichomdhuru ni samaki wa bure, injini, na koti letu la njano.

Tangu Alhamisi hatujamwona. Makundi yamehamia kusini, na huenda ameambatana nayo. Basi, Ragna, ukisikia kwamba Olea hakurudi tena Lundvær, usimhurumie mjomba wako wala usiniandikie pole. Niandikie pongezi.

Nisalimie Eystein, na Amund umwambie ajifunike kifua. Tordis anakusalimu, na binamu yako Jorunn pia, ambaye amepata kazi katika feri. Mungu akulindeni ugenini, awape chakula cha kutosha na watu wa kukaa nao.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, na akuombaye radhi kwa urefu wa waraka huu,

Peder Anton Storvær