Mchujo Umenifunga Mikono

Stafford, Jumapili, Aprili 2004

Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya ibada nilimkuta Wanjiru, nesi mwenzangu, kwenye parking ya kanisa akikusanya sahihi ili yule mgombea urais asiye na chama aingie kwenye karatasi ya kura hapa Texas. Ndiye ninayemtaka. Nimemsifu mpaka wakachoka kazini.

“Mwezi jana ulipiga kura ya mchujo?” akaniuliza.

“Eeh! Kura yangu ya kwanza tangu niapishwe kuwa raia.”

Akanyoosha mkono, akachukua kalamu. “Woi, pole. Ukishapiga mchujo wa chama, huku hauruhusiwi kumtilia sahihi asiye na chama.”

Sikujua. Nilidhani ni kama nyumbani, unaingia mchujo wa chama chochote, unapiga, unaenda zako. Na mshindi wa mchujo alikuwa ashajulikana! Majimbo mengine yalimaliza kazi kabla yetu. Kura yangu haikumsaidia mtu, ila ilinizuia mimi.

Sasa kama sahihi hazitatosha...

Kile kibandiko nilichopewa kituoni baada ya kupiga kura bado kiko kwenye friji. Nimejaribu kukibandua. Kimetoka nusu.