Kaburi Refu la Bi Khamisa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mkoa wa Kaskazini Unguja
Tarehe: 20 Februari 2024. Saa: 4:10 asubuhi

Jina: Ruqaya Usi Hija
Umri: Miaka 27
Kazi: Mwalimu wa hisabati, skuli ya sekondari
Dini: Muislamu
Makaazi: Mkunazini, Mji Mkongwe

Nathibitisha kuwa nitasema kweli kama ifuatavyo:

Sauti iliyonibakia masikioni ni ya jembe kugonga jiwe. Haikuwa kubwa. Niliisikia Jumapili tarehe 18 Februari 2024, kiasi cha saa tisa alasiri, nikiwa bado sijaingia makaburini Mangapwani. Nilijua kabla sijaona mtu kwamba wameshafika kwenye kaburi la bibi yangu. Afande amenitaka nianze mwanzo, kwa hiyo naanza mwanzo.

Bibi yangu ni Bi Khamisa, mama wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenilea. Alifariki kitandani kwake, nyumbani kwetu Mkunazini, Jumatano tarehe 7 Februari baada ya sala ya isha. Alikuwa na maradhi ya moyo ya muda mrefu. Jioni hiyohiyo Mheshimiwa Mudrik Himid, mwakilishi wa jimbo la kwetu kijijini, alipigwa risasi mlangoni kwake karibu na Mlandege, akafa. Nani aliyempiga sijui, na sina ushahidi wowote juu ya hilo.

Wote wawili asili yao Mangapwani, na wote wawili walizikwa huko Alhamisi tarehe 8 baada ya adhuhuri, katika makaburi mamoja, mmoja upande huu na mwengine upande ule. Kwetu maiti hupimwa urefu kabla ya kutoka mjini, na kipimo hutangulizwa kwa wachimbaji ili kaburi liwe sawa na mwili. Naeleza hivi kwa sababu Afande ameniambia kwao hawafanyi. Bibi nilimpima mimi, baada ya kumwosha pamoja na wanawake wenzangu. Tulichana ukanda wa kitambaa cheupe kwenye pindo la sanda, nikaunyoosha kutoka utosini hadi nyayoni, nikaukata hapo. Nilipoukunja ulienea kiganjani. Nilimpa baba yangu mdogo, Machano Hija, mtoto wa bibi, ambaye alikuwa anatangulia kijijini kwa pikipiki. Sikuufikiria tena. Wanawake kwetu hatuendi kuzika, hivyo nilibaki nyumbani.

Jumamosi tarehe 10 zilianza sauti kwenye WhatsApp. Kwanza ilikuja video ya mazishi ya Mheshimiwa. Jeneza limewekwa chini, watu wamesimama juani, na vijana wamo kaburini wanaliongeza urefu haraka haraka. Juu ya video mtu anasema: "Mudrik mtu wa futi sita. Hilo kaburi la nani?" Baada ya hapo kila siku lilikuja jipya. Walimu wenzangu walisikilizishana chumba cha walimu. Hakuna aliyeuliza tena nani aliyefyatua risasi. Watu walikuwa wanauliza kaburi.

Jumanne tarehe 13, saa kumi jioni, nilikwenda Mlandege kutengeneza kioo cha simu kwa fundi anayeitwa Hafiz. Simjui zaidi ya hapo, ila watu wote wanajua kwamba alikuwa akifunga spika kwenye mikutano ya Mheshimiwa Mudrik na akimpenda sana. Pembeni yake anauza kanga Bi Sichana, na palikuwa na mchukuzi mmoja amekalia mzigo wake.

Bi Sichana alikuwa anasema: "N'nakwambia yuko hai. Kaingizwa pangoni Mangapwani, katokea upande wa bahari, nyambizi inamngoja."

Mchukuzi akasema: "Nyambizi ipite wapi, Bi Sichana? Maji yakipwa pale kuku anavuka na vifaranga vyake."

"Endelea na kuku wako. Wenzio wana mitambo."

"Na yule alozikwa?"

"Sanamu la nta. Limeagizwa Dubai."

"Nta, na jua hili? Lingefika Bububu limeshakuwa mshumaa."

Walicheka. Hafiz hakucheka. Alikuwa ameinamia simu yangu, akasema bila kuinua kichwa: "Chekeni. Siku ile lilichimbwa na kaburi la pili. Wanasema la bibi kizee, Khamisa. Nimekwenda kuliona mwenyewe, refu kuliko mlango. Nani kati yenu kamuona huyo Khamisa? Hakuna Khamisa. Hilo ni jina la kufunikia shimo. Mudrik kama hakupitishwa humo, basi kafichwa humo."

Nilimwambia: "Khamisa kanilea mimi."

Aliinua kichwa, akaniangalia. Halafu akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa: "Dada, na wewe wamekupanga."

Nilichukua simu yangu nikaondoka. Kioo kilikuwa bado hakijafungwa.

Alhamisi tarehe 15, baada ya vipindi, nilikwenda Mangapwani kuliona kaburi. Bibi alikuwa ananifika begani, na mimi si mrefu. Tuta nililolikuta lilikuwa la mwanamume mrefu. Nilisimama pale nimeshika mtandio mdomoni. Mimi ndiye niliyemwosha na kumpima, na hata hivyo kwa dakika chache nilijiuliza ni nani aliyelala mle. Nalisema hili ili ieleweke kwamba wale waliokuja na majembe hawakuwa wendawazimu. Jambo walilolishika lilikuwa kweli. Walichokijenga juu yake ndicho kilichokuwa uongo.

Nikiwa njiani kurudi mjini nilikumbuka ule ukanda.

Nilimpigia baba mdogo Machano siku mbili, hakupokea. Jumapili tarehe 18 nilimfuata Kendwa, ambako anafanya kazi ya bustani katika hoteli. Nilifika kama saa saba na nusu mchana. Alikuwa nyuma ya jiko anamwagilia maji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka.

"Ule ukanda wa bibi ulimpa nani?"

Alikwenda kufunga bomba, akarudi, akakaa kwenye ukuta mdogo wa maua.

"N'likuwa navyo viwili," alisema.

Akanieleza kwamba alipokuwa anatoka mjini, jamaa za Mheshimiwa waliposikia anatangulia walimpa na kipimo chao. Alikitia mfuko mmoja wa koti, cha mama yake mfuko wa pili. Alipofika makaburini wachimbaji walishagawana, kundi huku na kundi kule, na kila mmoja anamhimiza. Akatoa, akagawa, bila kukunjua. Aliposhtukia, jeneza la Mheshimiwa limeshawekwa chini na kaburi halimtoshi. Wazee wakasema kipimo kimekosewa, liongezwe, likaongezwa. La mama yake lilikuwa kubwa, na kaburi kubwa halimkatai mtu. Wakazika, wakaondoka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, siku zote hizi.

"Niseme nini? Kwamba mimi ndo nlobadilisha? Hebu lisikilize hilo neno, Ruqaya. Mtu kapigwa risasi, nchi nzima inatafuta wa kumshika, mie nisimame niseme n'mebadilisha!"

"Ulibadilisha vitambaa tu."

"Wewe mwalimu, unasikia vitambaa. Wao watasikia maiti."

Kisha alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema hapati usingizi, si kwa sababu ya watu wa WhatsApp. "Mama yangu yule. N'memlaza kwenye kipimo cha mtu mwengine." Alijifuta uso kwa mkono uliokuwa na udongo.

Tukiwa hapo, saa nane na dakika kumi, nilipigiwa simu na binamu yangu Shahida, anayekaa Mangapwani. Alisema: "Da Ruqaya, wanakwenda makaburini. Hafiz na wenziwe, wana majembe. Wanasema leo ndo leo." Nilimwambia apige polisi, na kama nilivyoelezwa baadaye alipiga. Nikamwomba baba mdogo twende pamoja. Alitikisa kichwa. Alisema: "Mimi siendi. Na wewe usende." Nilichukua teksi nikaondoka peke yangu.

Nilipofika nilisikia ile sauti niliyoitaja. Walikuwa watu wanane hivi. Hafiz alikuwa na jembe. Jiwe la kichwani walishalitoa na kuliweka pembeni, na tuta upande huo lilikuwa limefunguka kiasi cha kina cha goti. Niliingia ndani ya lile shimo nikasimama. Sikuwa na mpango mwengine.

Mmoja wao, Kheir, mtu wa hapohapo kijijini, alisema: "Toka humo, dada. Utaumia."

Hafiz alisema: "Hatufanyi fujo. Tunachimba, tunaona, tunafukia. Kama ni bibi yako tutakuomba radhi."

"Mkiona, mtakuwa mmeshamuona," nilimjibu. "Bibi yangu hakuonwa na mwanamume asiye maharimu wake tangu alipovunja ungo. Leo ataonwa na wewe na simu yako?"

Mmoja aliyekuwa anapiga picha aliishusha simu. Hafiz alisema: "Basi tueleze. Bibi mfupi, kaburi refu. Tueleze."

Nilieleza habari ya vipimo viwili. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akacheka: "Umeona? Kila siku wana jipya." Nilielewa kwamba mimi sitaaminika, hata nikisema vizuri namna gani.

Hapo ikasikika pikipiki. Baba mdogo Machano aliiacha njiani inanguruma, akaja kwa miguu katikati ya makaburi. Alikuwa bado amevaa buti za mpira za kazini. Alisimama mbele ya Hafiz akasema: "Mimi ndo n'liyekosea. Ukanda wa Mudrik n'liwapa waliochimba hapa. Wa mama yangu n'liwapa waliochimba kule. Mkitaka kunipiga, nipigeni, lakini muacheni mama."

Halafu Kheir aliweka jembe lake chini. "Kule n'lichimba mie," alisema. "N'liwaambia toka mwanzo, jamani kaburi hili dogo, Mudrik mtu mrefu. Nkaambiwa chimba ulichopewa. Na kitambaa alinipa huyu. Huyu Machano. Kwa mkono wake."

Hafiz alimuuliza: "Na siku zote hizi hujasema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unasema wewe tu."

Kuna mtu alicheka, kisha akajizuia. Hafiz aliliangalia tuta, akaangalia upande wa pili ambako amezikwa Mheshimiwa, akarudi kuangalia tuta. Alikaa kwenye udongo aliokuwa ameutoa mwenyewe. Alisema polepole: "Kwa hivyo kafa."

Hakuwa akisema na mtu. Nilimjibu mimi, kwa sababu nilikuwa karibu naye. Nilimwambia: "Kafa, kaka yangu. Na aliyemuua yuko. Lakini kila siku mnayosema Mudrik yuko hai, mtu yule analala vizuri. Mtu aliye hai hana muuaji."

Alilia kwa sauti. Mtu mzima, mbele ya wenziwe. Sikuwa na hasira naye tena wakati huo, na siwezi kueleza zilikwenda wapi.

Polisi walipofika, kama saa kumi kasorobo, walikuta tunafukia. Hafiz alikuwa analirudisha jiwe la kichwani, na baba mdogo anamwelekeza. Naomba hilo liandikwe kama lilivyo. Hakuna mwili uliofikiwa. Hata hivyo Hafiz alichukuliwa kwa kosa la kuharibu kaburi, na sipingi, kwa sababu alilifanya. Jana Jumatatu baba mdogo Machano alikuja mwenyewe kituoni, akatoa maelezo yake. Hakuna aliyempiga. Aliporudi alilala mpaka alasiri.

Afande ameniuliza, nikiwa mlalamikaji kwa niaba ya familia, kama nataka kaburi lifukuliwe kwa amri ya mahakama ili maneno yaishe. Jibu ni hapana. Maneno hayataisha kwa kumtoa bibi. Jana tu nimesikia sauti mpya inayosema Machano amelipwa na wazungu wa hoteli. Watakuja wengine na majembe yao, na mimi nikiwaeleza watasema nimepangwa. Yuko mtu mmoja Mlandege ambaye wakimsikia anasema "Mudrik amekufa, nimelia juu ya kaburi, tuulize nani kamuua" watamsikiliza. Mtu huyo hawezi kusema kitu akiwa mahabusu.

Kwa hiyo leo saa tatu asubuhi, kabla sijaingia chumba hiki, nimekwenda kaunta na kitambulisho changu na barua ya sheha wa mtaa wetu, nikamdhamini Hafiz. Baba mdogo Machano ametia saini kuwa mdhamini wa pili. Hafiz ameshatoka. Wameondoka pamoja kwa pikipiki kuelekea Mlandege.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu, na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: R. U. Hija

Mwandikaji: Shahidi amesomewa maelezo haya akayakubali kuwa sahihi. Nimemweleza kwamba si kawaida mlalamikaji kumdhamini mtuhumiwa wake. Amejibu kuwa anajua. Maelezo yamefungwa saa 5:35 asubuhi.

(Saini) Sajini, Ofisi ya Upelelezi