Ansel Amekuwa Mkazi wa Upande Huu

Nyumba Na. 41, Barabara ya Mtoni,
St. Stephen, New Brunswick.
Tarehe 9 Machi, 2024.

Mpendwa Mama mdogo Idella,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ncha ya pili ya nchi. Hujambo lakini? Nyonga uliyofanyiwa upasuaji inaendeleaje? Dada Tansy aliniambia kwamba fimbo ya daktari umeshaitupa kabatini na unapanda ngazi za posta peke yako. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Ngazi za huko kwenu Dawson mwezi wa tatu ni barafu tupu, nawe unajijua ulivyo mbishi. Baba mdogo Rufus naye, kifua kimetulia?

Sisi hatujambo. Theluji imeanza kulegea, barabara ni matope matupu, na basi langu la shule linarudi kila siku limepakwa tope hadi madirishani. Mimi nimenenepa kidogo. Wa kulaumiwa ni mpishi wangu.

Sasa sikia neno, Mama mdogo. Ansel amepata! Ukaazi wa kudumu wa Kanada umetoka, Jumanne ya wiki iliyopita. Niliporudi kutoka kuegesha basi nilimkuta amesimama katikati ya jiko, simu mkononi, koti amevaa mkono mmoja tu. Nikadhani kuna aliyekufa. Akaniambia, "Avis, hebu nisomee wewe. Mimi macho yamegoma." Nikasoma mara ya kwanza, nikasoma tena. Tukajikuta tumekaa sakafuni, watu wazima wenye magoti mabovu, tunacheka mpaka kuinuka ikawa kazi.

Ningeweza kukupigia simu siku ileile, ila nilijua ningelia tu, nawe ungeniambia nikanawe uso. Shukrani zangu ni ndefu, nimeona bora nikae chini niziandike.

Ya kwanza ni ile barua uliyotuandikia ya kuthibitisha kwamba ndoa yetu ni ndoa kweli. Tuliomba watu watatu. Wawili waliandika vizuri, kwamba sisi ni watu wema na tunapendana. Yako nilipoifungua nilitaka kuificha. Nakala ninayo, acha nikukumbushe maneno yako mwenyewe: "Mimi sikumtaka huyu bwana. Nilidhani mtoto wa dada yangu amejitwika mtu aliyekosa pa kwenda. Kisha dada yangu akaugua, nikaja nikakaa nyumba ile wiki sita. Nilimwona Ansel akimkata kucha za miguu, huku akimwimbia vibaya makusudi ili acheke. Wakati huo alikuwa hajamwoa Avis bado. Mtu haigizi hivyo kwa wiki sita."

Ansel aliisoma akasema, "Ipeleke kama ilivyo. Mtu akiisoma hii asiamini, basi hana mama." Nikaipeleka. Aliyeisoma huko ofisini simjui, lakini hakuna aliyetuuliza tena kama tunapendana.

Unakumbuka bahasha ya kwanza ilivyotuumiza. Tuliituma Novemba baada ya harusi: fomu, picha, vipimo vya daktari, alama za vidole vyake kutoka kwao Marekani, kila kitu. Januari ikarudi nzima nzima kama mkate uliokataliwa dukani. Kosa lilikuwa letu. Karatasi ya talaka ya mke wake wa kwanza, ya mwaka 1994, ilikuwa nakala isiyo na muhuri wa mahakama. Muhuri mmoja, Mama mdogo! Nililia ndani ya basi kabla watoto hawajapanda. Ikabidi tuandike mahakamani kwao Maine, tungoje wiki tano, ndipo tutume upya.

Lakini kungoja karatasi kulikuwa afadhali kuliko kumtazama Ansel akikaa bure. Huyu ni mtu aliyeanza kutengeneza piano akiwa na miaka kumi na minne. Bila kibali haruhusiwi kazi, na mimi nilikuwa mwoga hata wa kumwacha aguse kitu cha mtu kwa hisani. Mkoba wake wa vifaa ukawa chini ya kitanda. Jumapili kanisani piano ilikuwa imelegea vibaya, na kila ikigongwa nilimwona anashika benchi kama mtu aliyekanyagwa.

Akahamia jikoni. Maharage ya Jumamosi sasa ni yake, mkate wa asali ni wake, supu ya kome ni yake. Jirani yetu Hazen akapata kitu cha kusema. Alikuwa akisimama mlangoni na kumwita: "Shemeji! Habari za ukweni? Nasikia Avis ndiye aliyekuoa." Ansel naye hakosi jibu: "Kanioa kweli, na maharage yangu hayajaungua hata siku moja. Wewe uliyeoa, ya kwako vipi?" Wanacheka wote. Hazen akishaondoka, Ansel anaweka mwiko chini na kutazama nje. Dirisha la jiko letu linatazama mto, na ng'ambo ya mto ndiyo Marekani, anaona hata moshi wa nyumba za kwao. Nami nilijua anawaza nini.

Halafu Oktoba baba yake akaanguka. Mzee Orrin, miaka themanini na saba, moyo. Kaka yake Ansel alipiga simu asubuhi tunakunywa chai. Madaktari walisema ni siku, wala si majuma. Na sisi tulikuwa tumeonywa tangu mwanzo: mwombaji aliye ndani ya nchi akitoka, hakuna anayemhakikishia kuingia tena. Akikataliwa mlangoni, maombi yale yanaweza kwenda na maji, tuanze mwanzo, kila mtu kwake.

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa aibu yake sijaisahau. Niliyesita ni mimi. Nilimwambia, "Ngoja basi tuulize kwanza." Tukauliza siku nzima, na kila tuliyempata alijibu kwamba yeye hawezi kuahidi. Alasiri nikakupigia wewe. Hukutaka hata nimalize. Ulisema, "Avis, karatasi itatafutwa nyingine. Baba hatafutwi mwingine. Mpe mumeo koti lake." Kisha ukakata simu! Nilikukasirikia kama dakika tano, halafu nikaenda nikachukua koti.

Nilimpeleka hadi darajani, akavuka kwa miguu na mfuko mmoja. Kaka yake alikuwa anamngoja upande wa pili. Hakugeuka nyuma, nami sikumlaumu.

Siku kumi na moja alikaa huko. Mzee alifariki siku ya nane, wakamzika kilimani kwao pamoja na mkewe. Mimi mazishini sikwenda. Ilikuwa wiki ya shule na sikupata wa kunishikia zamu ya basi, na kwa hilo bado najilaumu.

Siku ya kurudi nilifika darajani mapema mno, nikakaa ndani ya gari upande wetu, vidole vimekufa ganzi. Nilimwona akija, mfuko wake begani na wa baba yake mkononi. Akaingia ofisini. Dakika ishirini. Nusu saa. Saa nzima! Mama mdogo, nilisali sala ambazo sijazisali tangu nikiwa msichana, nyingine nilizitunga palepale.

Mlango ukafunguliwa, afisa mwanamke akaniita kwa kidole. Nikaingia. Ansel ameketi, kofia magotini.

"Huyu ni wako?" akaniuliza.

"Wangu."

"Nilimuuliza kama anakuja kutembea au kukaa. Wenzake wote huniambia wanakuja kutembea. Yeye ananiambia anakuja kukaa."

Nilijua mgeni akisema hivyo anaweza kurudishwa. Nikamgeukia, "Ansel, ndivyo ulivyosema?"

"Sasa niseme nini, Avis? Nimetoka kumzika baba. Sikuwa na nguvu ya kudanganya."

Yule mama akaangalia tena kwenye kompyuta yake, akaona faili letu, akaona tarehe. Kisha akasema maombi yapo, ukweli nao umesemwa, basi anampa miezi sita kama mgeni na tusimchezee. Alipomrudishia pasipoti alimwambia, "Pole kwa msiba, baba." Hakuwa na lazima ya kusema hivyo. Jina lake sikulishika, lakini Jumapili ile nilimwombea.

Mwezi uliofuata kibali cha kazi kikaja kwa posta. Ansel hakunywa hata chai. Alivuta mkoba kutoka chini ya kitanda, akaenda kanisani, akashinda huko na piano mpaka nikampelekea chakula. Jumapili yake tulipoanza kuimba, watu waligeuka kutazama, wengine walidhani imenunuliwa mpya. Sasa ana kazi za shule mbili na nyumba ya wazee.

Kuna watu wananiuliza kama siogopi. Maana nimetia saini kwamba kwa miaka mitatu kuanzia sasa, akipungukiwa, mzigo ni wangu, hata tukigombana, hata tukiachana. Nikiwasikia nacheka. Nilipoapa kanisani sikuambiwa miaka mitatu. Hazen naye, baada ya kusikia habari, alikuja na keki ya mkewe, akampa Ansel mkono rasmi kabisa: "Karibu nchini, shemeji. Sasa unaruhusiwa kulalamika kuhusu baridi."

Nasi tunataka kuja. Shule zikifungwa Juni tutapanda ndege mpaka huko kwenu, tukae nawe wiki mbili. Usipike chochote, mpishi namleta mwenyewe. Piano yako ya sebuleni pia usiruhusu mtu aiguse.

Nisalimie Baba mdogo Rufus, mwambie avae skafu. Nisalimie Dada Tansy na wanawe, na yule mbwa wenu mwizi wa soksi. Mungu aliyeniachia wewe baada ya mama akuzidishie miaka, akulinde mguu usiteleze, na nyumba yako isikose kuni wala wageni.

Ni mimi mwanao, nikupendaye leo kuliko jana,
Avis.

Mama mdogo, Avis ameniachia nafasi hii chini. Siku zile kwa baba sijamsimulia mtu, hata yeye. Siku mbili za mwisho mzee hakuweza kusema. Nilimshika mkono, naye akawa anagonga vidole juu ya kiganja changu, kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu piano kabla ya kuirekebisha. Kazi hii ni yeye aliyenifundisha. Aligonga mpaka alipoacha. Wewe ndiye uliyesema nipewe koti. Asante. Ansel.