Oili ya Mgeni Rasmi

Hedwiga, uko wapi? Kompresa ya kujazia upepo, ile ya gereji ya kikundi chetu hapa Kitai, imekufa. Imeuawa!

Asubuhi nimepima oili, nikakuta imekauka kabisa. Nikamwambia mwenyekiti, Mzee Hyasinti, "Tusiwashe, pistoni itasugua silinda kavu." Na kopo jipya la oili lilikuwa pale pale mezani, limefungwa utepe kama bibi harusi.

Nikanyoosha mkono. Akauchapa kofi! Mkono wangu, Hedwiga!
"Benadetha, usiguse! Hiyo anakabidhi mgeni rasmi."

Nikasema basi tusubiri, tuwashe baadaye. Akakataa. Mgeni yuko njiani kutoka Songea, lazima aikute inanguruma.

Ikanguruma kweli. Masaa mawili mazima, kavu! Mwishowe ikalia kama nguruwe anayechinjwa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Pistoni imeng'ang'ania ndani, haisogei hata kwa nyundo.

Ndipo mgeni akafika. Akahutubia nusu saa kwamba chuma kikisuguana na chuma bila oili hakidumu. Makofi! Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni nani? Mzee Hyasinti!

Halafu nikaitwa mimi, fundi, nipokee kopo. Kwa mikono miwili. Eti "tabasamu, mama."

Picha ndiyo nimeiona sasa hivi kwenye grupu. Nimekumbatia oili mbele ya marehemu, na chini Mzee Hyasinti ameandika: "Sasa mashine yetu itadumu."