Lisini ya Mtoto wa Halima

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo kutoka huku Garissa. Kama Wakesho ndiye anayekusomea, mwambie dada yangu huyo asome polepole na asiruke mahali. Kifua chako kimepoa? Na Baba, mguu bado unamsumbua baridi ya mlimani ikiingia? Mimi mwili wangu ni mzima. Jua linanichoma mpaka kisogoni, na hakuna barabara mtu anayoweza kupita bila msafara wa wanajeshi kwa ajili ya hivi vita vya serikali na waasi wanaoitwa mashifta, lakini nakula, nalala, na kazi ya udresa hospitalini, ya kufunga vidonda na kugawa dawa, inaendelea. Kilichoninyamazisha muda huu wote si ugonjwa, ni aibu.

Kila wiki natumwa kijiji kimoja nje ya mji, upande wa Galbet. Nasema kijiji, lakini ni wafugaji waliokusanywa na serikali na kuamriwa wakae ndani ya ua wa miiba, wasije wakawalisha mashifta. Ngamia wao wengi wamechukuliwa. Mbuzi waliobaki wamemaliza nyasi za karibu, na mbali hawaruhusiwi kwenda. Watu waliozoea kuishi kwa maziwa sasa wanakula unga wa mahindi wa mgao, asubuhi na jioni. Watoto wakaanza kuvimba miguu, nywele zikawa nyekundu, na hata kulia wanalia kwa uvivu. Mimi kwa ujuaji wangu nilidhani ni minyoo, nikawagawia dawa ya minyoo.

Ndipo daktari wetu alipotuketisha madresa wote akatufundisha neno lisini. Nakueleza kama alivyotueleza, maana najua utauliza. Nyama ya mwili imeungwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa asidi amino, kama shanga za aina nyingi kwenye uzi mmoja. Nyingine mwili hujitengenezea. Lisini hauwezi, ni lazima iliwe. Ikikosekana, kazi ya kutunga inakwama hapo, hata shanga nyingine zikiwa tele. Mahindi yana lisini kidogo mno. Maziwa yanayo ya kutosha, nyama vilevile, na maharagwe pia, kwa hiyo kimanga chako cha kuponda maharagwe kilitulea vizuri bila mtu kujua jina hilo. Alisema jina lenyewe lina asili ya Kiyunani, lina maana ya kufungua, kwa sababu wataalamu waliipata kwa kuifungua protini ya maziwa. Nililipenda sana neno hilo, Mama. Nililipeleka kijijini kwa mbwembwe, utadhani nimeligundua mimi.

Mkalimani wangu ni Abdi, kijana wa hapa hapa mjini. Akina mama walipoketi nikaanza somo, na Abdi akahangaika kweli, kwani Kisomali hakina neno hilo. Mwishowe akawaambia ni kitu kilichomo ndani ya maziwa. Bibi mmoja akacheka mpaka akashika mbavu, akasema maneno marefu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Abdi.

"Nasema serikali nachukua ngamia yote, sasa naleta jina ya kitu ilikuwa ndani ya maziwa yake."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, nisikose adabu.

Baada ya somo, Halima akaniletea maziwa ya mbuzi. Huyu Halima zamani alikuwa akiuza maziwa na chai sokoni kwa maofisa, ndiyo sababu Kiswahili anakijua. Binti yake, Sahra, ana kama miaka mitatu, na alikuwa mmoja wa waliovimba. Kila wiki nilipofika Halima aliniletea kikombe, yale maziwa yao yenye harufu ya moshi wanaofukizia chombo, na kila wiki nilikunywa mpaka tone la mwisho. Ulitufunza hivyo, Mama: mgeni akibakisha amemtukana aliyemkaribisha. Siku hiyo nilikunywa huku nikimweleza Halima kwamba mtoto wake amepungukiwa na lisini.

Kurudi mjini tulipanda lori la msafara, Abdi kando yangu. Njiani akaniuliza, "Bwana Mwadime, kwa nini wewe namaliza maziwa?"

"Kwetu kubakisha ni matusi."

"Kwetu mgeni naonja kidogo, narudisha. Ile nabaki ni ya mtoto. Na Halima ana mbuzi moja tu natoa maziwa. Wallahi, mimi nafikiri wewe najua. Si wewe nafundisha?"

Mama, nilitamani lori lile linimeze. Lisini ya Sahra nilikuwa nayo tumboni mwangu, tena nimeshiba kabla ya kwenda.

Wiki iliyofuata Sahra hakuweza kusimama. Nilimbembeleza afisa wa jeshi mpaka akampa Halima kibali cha kutoka, nikambeba mtoto mwenyewe hadi kwenye lori. Sasa yuko wodini, tunamnywesha maziwa ya unga kwa kijiko. Uvimbe umeanza kupungua, lakini hamtazami mtu usoni, na daktari hataki kuahidi lolote. Nikiamka asubuhi, kabla ya kunawa uso nakwenda kwanza kuona kama kitanda chake bado kina mtu.

Jana mchana nilishindwa kuvumilia. Nilikaa kando ya Halima nikamwambia yote: kwamba sikujua desturi yao, kwamba nilimnyang'anya mtoto chakula chake, anisamehe.

"Mimi najua wewe namaliza," akasema bila kuinua sauti. "Watu ya bara yote namaliza kikombe. Mimi naona sokoni."

"Basi kwa nini hukuninyima?"

"Wewe serikali. Serikali nasema toa ngamia, sisi natoa. Nasema kaa hapa, sisi nakaa. Serikali nakunywa maziwa, mimi nasema nini? Wewe nakasirika, kesho dawa hakuna."

Nikamwambia mimi si serikali, ni dresa tu, mtoto wa mkulima wa Taita. Akaigusa mikono ya shati langu la kaki.

"Hii shati nani naletea wewe?"

Mimi nilikuwa nikidhani ananipenda.

Kwa hiyo likizo nimeiahirisha, Mama, usinikasirikie. Siondoki mpaka nijue mwisho wa Sahra, uwe mwema au mbaya. Wala sikuombi uniandikie kwamba sina kosa, maana najua moyo wako utakutuma hivyo. Niombeeni tu huyo mtoto kanisani, mumtaje kwa jina lake.

Nisalimie Baba, na mjomba aliyenitafutia kazi hii, asijilaumu. Shemeji mwambie asiharakishe kumwachisha mtoto ziwa, na akimwachisha amponde maharagwe kila siku, uji mtupu hautoshi. Wakesho, ahsante kwa kusoma, na usilie mbele ya Mama.

Ni mimi mwanao Mwadime, ambaye kwa Halima bado ni Serikali.