Ua Lililochanika Mara Mbili

Tudor, Mombasa

Kwako dada Sidi,

Hujambo, na shemeji, na watoto? Mguu wa mama umepona, au bado anatuficha ili aende shamba? Mimi ni mzima wa mwili. Tumbo limeanza kuonekana na kichefuchefu kimeniachia.

Usinicheke kwa kuandika barua. Simu yangu shemeji yako Ngowa huichukua akitaka, na nikiongea mamake hutega sikio. Hii anakuletea Becky, tunayefanya naye kazi.

Studioni Biashara Street bado niko. Kazi yangu unaijua: mtu akitaka kitu kiondolewe pichani, nachota kipande safi cha ukuta au pazia, nakipachika juu yake, mpaka paonekane hapakuwa na kitu. Nimeshafuta nguzo za stima, chunusi, hata mbuzi aliyejialika harusini. Sura za watu siziangalii; naangalia pazia.

Basi juzi mamamkwe katundika sebuleni picha ya zamani ya mwanawe, akaniita nimwone alivyopendeza. Ngowa kasimama peke yake mbele ya pazia la maua. Nami kwa mazoea nikaangalia pazia. Ua moja lina petali iliyochanika. Kando yake, ua jingine limechanika vile vile. Loo, dada! Ua hilo nililinakili mimi, nilipokuwa mwanagenzi, na tajiri wangu akanigombeza kwa ajili yake.

Kesho yake nikaitafuta picha ya asili kwenye kompyuta. Ubavuni mwa Ngowa yuko mwanamke mwenye pete, kapakata mtoto. Na Ngowa huyu huyu alipokuja kuposa alimwambia baba hajawahi kuoa!

Nikamwuliza mamamkwe, kwa upole, kama mwanawe alipata kuwa na mtu. Akasema, "Aliyekuwepo hakujua kukaa na watu." Tangu hapo imeamuliwa niache kazi, eti nipumzike. Ngowa namwogopa. Na baba keshasema binti yake akiolewa harudi. Niende wapi na tumbo hili? Nimebanwa, dada.

Jana tukila, mamamkwe kaniuliza kama picha zangu za harusi bado ziko kwenye kompyuta ya studio. Nikamwambia zipo. Akasema vizuri, akaniongezea wali.

Humu nimekutilia picha mbili: ya yule mwanamke na mwanawe, na ya harusi yangu. Zifiche zote. Siku mtu akikuambia Ngowa hajawahi kuoa, mtolee.

Nisalimie mama, mwambie asilime.

Mdogo wako,
Kadzo