Kamba ya Mbele

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha yule wa mwisho kimepungua. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umejaa hasira, sitakudanganya, na kwa kuwa simu zangu hupokei, itabidi unisome.

Shangazi ameniambia umeapa nisiikanyage tena mashua aliyotuachia Baba, wala kizingiti cha nyumba yako. Sababu pia nimeisikia: eti niliogopa upepo, nikaitupa kamba kama aliyeshika nyoka, na mumeo akavunjika kifundo cha mguu kwa uzembe wangu. Dada, mwamba ngoma huvutia kwake. Wewe ulibaki nyumbani na watoto, umesikia upande mmoja tu.

Ilikuwa siku ya nne ya safari yetu ya pwani. Upepo ulianza kuchachamaa tangu asubuhi, na saa nane tulipokaribia ile bandari ndogo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma, bendera zote zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nikamkumbusha shemeji desturi ya Baba: raundi ya kwanza ni ya kutazama tu, hufungi kitu. Unapita, unaupima upepo, ndipo unageuka na kurudi ukiukabili. Akanijibu kwamba kapteni ni yeye. Tangu anunue ile kofia nyeupe, hata chai anaiagiza kikapteni. Kwenye baraza ya mkahawa watu walikuwa wameacha kula wanatutazama, na mumeo hakutaka waone anapita bila kufunga.

Mlinzi wa gati naye alitupungia mikono, akapaza sauti tuzunguke tuingie kwa upande wa pili. Shemeji akamwambia asimfundishe kazi. Kisha akaniamuru niruke na kamba ya mbele. Nikamwambia ianze ya nyuma, upepo uko mgongoni. Tukitangulia ya mbele, nyuma itatupwa nje na pua itajikita gatini. Kila mtoto wa Baba analijua hilo, hata wewe unayetapika ukiona ndoo ya maji. Akaniita mjinga. Mbele ya wale watu wote, Dada, akasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni kwamba mjinga kama mimi afanye anachoambiwa, na ndiyo maana hakuna mwanamume aliyedumu nami.

Hayo naona shangazi hakuambiwa.

Nikaruka. Nikaizungusha kamba kwenye nguzo ya chuma na kuikaza, kama nilivyoamriwa. Nyuma ikafyatuka nje, pua ikaja gatini kwa kishindo, na hapo kapteni wako akaacha usukani, akakimbilia mbele, akatoa mguu kuzuia tani nne za mashua. Mguu, Dada! Sisi tuliokua tukiimbiwa na Baba kwamba ubao hununuliwa, mguu haununuliwi. Mashua ikienda kugonga, iache igonge.

Basi ndiyo, niliiachia kamba, na niliiachia makusudi. Pua ikauachia mguu wake, mashua ikateleza mbele hadi ukuta wa mwisho, na huko ndiko ilikopata lile tobo unaloliona uani tangu iletwe na trela. Nisingeiachia, leo hii angekuwa hana mguu kabisa, na mdomo wa kunisingizia sijui angeutoa wapi.

Barua hii nimeiandika mara tatu, na mara zote tatu nimeishia hapo. Leo nimeona aibu kuishia hapo.

Mguu niliuona mapema. Kamba ilikuwa mkononi mwangu na nilijua nikiilegeza atapona. Sikuilegeza. Nilihesabu, Dada. Moja, mbili, tatu. Lile neno lake lilikuwa bado masikioni, na nilitaka aumie. Nilipofika tatu nilisikia mfupa, ndipo vidole vikafunguka. Mumeo anadanganya watu kwamba kosa langu ni kuachia kamba. Kosa langu ni kuishika.

Hasira yangu kwake haijaisha, na kwa tobo la mashua simwombi radhi mtu. Kwa mguu nitamwomba, mwenyewe, ana kwa ana.

Jumamosi nitakuja na mbao na gundi niizibe pua. Nitapiga hodi kwanza. Usipofungua, nitapita ubavuni niende uani kufanya kazi yangu, nisikusumbue.

Wabusu watoto, yule wa mwisho mara mbili. Shemeji msalimie, na barua hii umsomee yote.

Ni mimi mdogo wako, yule yule aliyeitwa na Baba
Kichwa Kigumu